Mpaka Rangi ya Mlango

Geita, Alhamisi asubuhi

Mdogo wangu Tatu, Mama Swabra,

Kwa kawaida wewe ndiye unayeanza na shikamoo, nami naitika marahaba, halafu tunaulizana habari. Safari hii sina haki ya kuisubiri shikamoo yako, kwa hiyo naanza mimi. Habari za hapo Kambarage, na habari za Ngokolo kwa Mama? Goti lake linaendeleaje? Shemeji Rajabu aliniambia kuwa dawa ya kuchua imeisha na sasa Mama anasali ameketi. Zimo chupa mbili kwenye mfuko huu huu alioleta kondakta. Swabra amepona kikohozi? Mimi ni mzima. Chumba ni kilekile cha nyuma ya soko. Mvua zimeanza, vumbi limetulia, umeme unakatika kama ulivyozoea kukatika.

Naandika kwa karatasi kwa sababu nimekupigia na hupokei. Ujumbe nao naona umesomwa na haujibiwi. Sikulaumu. Rajabu ameniambia pia kwamba umeupaka mlango rangi ya kahawia. Alinieleza hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kisha akasema anaitwa, akakata.

Nataka nikueleze yaliyotokea tangu siku ile, kwa mpangilio wake, kwa sababu mwishoni kuna jambo la kuamua, na anayeliamua ni wewe.

Nianze na kosa. Katika kipindi kile cha redio nilikuwa naeleza suala la kodi ya makampuni makubwa ya teknolojia. Nilisema makampuni haya yanachuma hapa kwetu bila kuwa na hata chumba kimoja cha ofisi. Kwamba ipo kodi ndogo inayotozwa, na swali lililopo ni kama serikali iwawekee wale wakubwa kodi yao maalumu, iliyo nzito zaidi. Msikilizaji wa redio hashiki maneno makavu. Anataka mtu. Nikamtafutia mtu: fundi wa nguo za maharusi wa Kambarage, mwenye mlango wa kijani mkabala na mashine ya kusaga, ambaye kila wiki hulipia matangazo kwa kampuni ya ng'ambo ili magauni yake yaonekane na watu wa mtaa wa pili. Jina sikulitaja. Nilijiona nimekuficha.

Unajua kilichofuata kuliko mimi. Mtu alikata kipande kile akakirusha kwenye mtandao uleule niliokuwa naulalamikia, kikafika Shinyanga kabla sijatoka studio. Siku ya tatu maofisa wawili wakasimama mlangoni pako, wakaomba leseni na namba ya mlipakodi, mbele ya mama wa bibi harusi aliyekuja kupima gauni la mwanawe. Yule mama akalikunja gauni likiwa na mkono mmoja, akaondoka nalo. Na habari ya mwenye harusi kuondoka na gauni nusu haina haja ya mtandao. Kambarage nzima ilijua kabla ya adhuhuri.

Maneno uliyoniambia kwenye simu jioni ile bado nayasikia: "Kaka, umewaelekeza mpaka rangi ya mlango."

Nilikujibu vibaya. Nilisema habari bila maelezo si habari. Ukaniuliza, "Na mimi ni maelezo?" Simu ikakatika. Nilijidanganya kuwa ni mtandao.

Kabla sijaendelea, nikwambie kitu ambacho kwenye kipindi nilikitaja kwa sentensi moja tu, nacho kilistahili zaidi. Mimi nina maslahi katika kodi hii. Zamani hoteli, maduka ya mbao, wauza pampu za maji, wote walitangaza kwetu. Leo wanailipa ile kampuni, na wana sababu, kwa maana matangazo yake yanamfikia mtu mfukoni. Tulikuwa tisa chumba cha habari. Tumebaki wanne, na mmoja wa hao wanne ndiye anayewasha jenereta. Basi mtu akikuambia kaka yako anadai kodi hii kwa ajili ya nchi, mwambie ni kwa ajili ya nchi na kwa ajili ya tumbo lake pia.

Wiki iliyofuata nilitumwa Nyarugusu. Mkutano wa kukusanya maoni juu ya kodi hiyo ulikuwa umetangazwa kufanyika hapa Geita mjini, na mhariri wangu, Bi Kabula, alitaka habari ya wachimbaji wadogo wanavyoitazama. Nilimwambia wachimbaji hawana habari na kodi ya mitandao. Akasema, "Nenda, Idrisa. Ukirudi mikono mitupu utakuwa umepunga upepo."

Wewe hujafika Nyarugusu, kwa hiyo nikueleze kazi ya karasha, bila hiyo hutaelewa. Mchimbaji akitoa mawe kwenye duara lake, yaani shimo, huyapeleka kwenye mashine ya kuyasaga, ndiyo karasha. Mwenye karasha hamtozi kitu. Anasaga bure. Mchimbaji anaosha unga wake, anakamata dhahabu kwa zebaki, anaondoka na punje yake. Matope yanayobaki yanaitwa marudio, na kwa desturi ya huku marudio ni ya mwenye karasha. Miaka mingi watu waliona huo ni ukarimu: umesagiwa bure, umeacha matope. Baadaye ndipo ilipojulikana kuwa matope yale, yakipelekwa kwenye mtambo wa kuchenjua kwa dawa, hutoa dhahabu ambayo zebaki haikuiona, na mara nyingine ni nyingi kuliko ile aliyoondoka nayo mchimbaji. Serikali nayo ikajua. Siku hizi dhahabu ya mtamboni haitoki bila ofisa kusimama pale na kuchukua fungu la serikali.

Nilifika saa nne asubuhi kwenye karasha ya Bwana Shija. Ni mtu mnene, mcheshi, anayewajua wateja wake kwa majina ya watoto wao. Siku hiyo hakuwa anacheka. Alikuwa ametundika ubao: kuanzia Jumatatu kila kiroba cha mawe kitalipiwa kusagwa, na marudio yatabaki kama kawaida. Lori la kubeba marudio lilikuwa limeingia uani kinyumenyume. Juu ya chungu la matope lililotakiwa kupakiwa alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, miguu ameinyoosha, khanga amejifunga kiunoni, anatafuna muwa.

Huyo ni Bi Nyamizi. Ana duara dogo aliloachiwa na mumewe, na wachimbaji sita chini yake. Lile chungu lilikuwa marudio ya mawe yake.

"Shuka, nkoi," Shija alimwambia, na nkoi kwa Kisukuma ni rafiki. "Lori linaunguza mafuta."

"Lizime."

"Bi Nyamizi, hayo ni matope."

"Kama ni matope, mbona umeyaletea lori?"

Watu wakacheka. Shija hakucheka. Akamweleza kwa utaratibu, na mimi nilikuwa na kinasa sauti mkononi, kwa hiyo hapa sibuni neno. Alisema serikali inamkata mtamboni. Mashine ni yake, dizeli ni yake, mtu wa kulinda usiku ni wake. "Wakinikata mimi, mimi nikate wapi?"

"Ukatike wewe," Nyamizi alisema. "Siku zile ulipokuwa unapata peke yako, uliniita tugawane?"

"Hukujua hata kama yana kitu!"

"Ndiyo sababu hukuniita."

Hapo kicheko kikawa kikubwa, na nadhani ndicho kilichomwasha. Alimpigia dereva mbinja. Lori likarudi nyuma pole pole, mpaka kivuli cha bodi kikamfunika Nyamizi mapajani. Vijana wake wawili wakapanda chungu wakasimama pembeni mwake na sepetu. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Dereva alitoa kichwa dirishani, uso wa mtu anayeomba aambiwe asimame. Nyamizi alitema kapi la muwa pembeni, akasema, "Mnifunike huku na huku, mnipeleke nami mtamboni. Huenda na mimi nina gramu."

Shija akageuka akaniona. "Mwandishi, zima hicho."

Sikuzima.

Akanijia mpaka nikasikia pumzi yake. Hakunigusa. "Wewe ndiye uliyesema redioni makampuni ya nje yakatwe," alisema. "Haya, tazama. Ukikata juu, inashuka chini. Andika na hilo, usiandike nusu."

Nimeliandika. Nikwambie kweli, Tatu, mtu yule hakuwa anasema upuuzi. Mawakili wanayasema hayo hayo kwa lugha ndefu. Zipo nchi zilizowatoza wale wakubwa, nao wakachukua sehemu ya kodi wakaiongeza kwenye gharama ya matangazo, ankara ikashuka mpaka kwa wauza viatu.

Kilichommaliza Shija hakikuwa hoja. Nyamizi alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye karasha ya pili, ndogo, yenye mkanda unaopiga kelele. "Kule wanasaga bure hata Jumatatu," alisema. "Na leo hii mimi nataka nione karatasi yako ya mtamboni. Ulipata nini, serikali ilichukua nini, kilibaki nini. Ukinionyesha kwamba uliumia, nitalipa." Watu waliokuwa wakisubiri zamu wakaanza kuinua viroba vyao, mmoja mmoja, bila maneno. Shija alitazama viroba vile vikivuka barabara. Karatasi hakuionyesha. Ubao aliuondoa mwenyewe, akauegemeza ukutani, maandishi yakitazama ukuta. Lori likatoka tupu.

Nilirudi Geita nikiwa nimepata hoja. Nilikuwa nimeteuliwa na wenzangu wa vyombo vya habari vya mkoa kusoma tamko letu la kuiunga mkono kodi hiyo kwenye mkutano, na sasa niliona jinsi ya kulieleza. Picha unazoweka wewe bure, na wateja wanaozitazama, wanaouliza bei, wanaolinganisha, hayo yote ni marudio. Unasagiwa bure, unaacha matope, na mwenye mashine ndiye anayejua matope yana nini. Serikali ichukue fungu lake pale yanapochenjuliwa, mwenye mashine aonyeshe karatasi, na akitaka kukushushia mzigo, wewe uvuke barabara. Niliandika kurasa mbili. Nilikuwa nimeridhika nazo kupita kiasi.

Jana asubuhi, siku ya mkutano, nikiwa nafunga vifungo vya shati, Bi Nyamizi akanipigia simu, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwandishi."

"Mwangaluka, Mama. Za huko?"

"Shija ameinunua ile karasha ya ng'ambo. Amefunga na mkanda mpya, haupigi kelele tena. Ubao ameurudisha. Ametundika pande zote mbili za barabara."

Nilikwenda mkutanoni na kurasa mbili zenye shimo katikati.

Ukumbi ulijaa. Wafanyabiashara wa simu, wenye hoteli, vijana wanaotengeneza video, maofisa kutoka mikoa hii miwili, Geita na Shinyanga. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye miwani aliyokuwa akiivua kila anapotaka mtu afupishe. Wa kwanza kusema alikuwa wakili aliyekuja kuyasemea makampuni. Kijana, suti safi, Kiswahili kizuri kuliko changu. Alisema huduma ni bure kwa wananchi, na kwamba kodi maalumu itamwangukia mjasiriamali mdogo, "mama anayeuza nguo Shinyanga." Nilimtazama. Naye alikuwa amekisikia kipindi changu. Wewe ulikuwa umeshakuwa wa kwetu sote wawili.

Kisha mwenyekiti akasema yapo maoni ya maandishi, na mengine yametoka Shinyanga. Katibu akachukua karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Kabla hajasoma neno niliijua. Ilikuwa karatasi ya kukatia mitindo, ile ya kahawia, na kwenye ukingo wake niliona vitone vya chaki ya bluu. Marehemu Baba naye alituandikia ruhusa za shuleni kwenye karatasi hizo.

Kusoma alisoma vibaya, kwa haraka, lakini nilikusikia. Naandika hapa nilivyonakili, unisahihishe:

"Mimi ni fundi cherehani wa Kambarage. Mlango wangu mnaujua."

Watu wakacheka. Mimi nilitazama chini.

"Sipingi mkubwa kutozwa. Maofisa walinifikia siku tatu baada ya redio. Nimeshajiandikisha, cheti nimekitundika. Naomba kuuliza, huyo mkubwa mtamfikia kwa siku ngapi? Na mkishamfikia, akichukua kodi yake akaikata kwangu, mimi niende kwa nani, kwa sababu mwingine hayupo? Wanaotaka kodi hii wananitaja mimi. Wasioitaka wananitaja mimi. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Yule wakili aliacha kuandika. Mwenyekiti akavua miwani, akasema, "Rudia swali la pili." Katibu akarudia. Halafu mwenyekiti akaangalia orodha yake, akaita jina langu.

Nilisimama na zile kurasa, nikaziweka mezani. Hapakuwa na ushujaa wowote, Tatu. Hoja iliyokuwemo ndani ilikuwa imeshakufa asubuhi, nawe ndio kwanza ulikuwa umeizika. Nilisema kwanza nina maslahi, nikayataja. Nilisema bado naona kodi hiyo ni haki, kwa kuwa jiwe limetoka hapa, na mgawo ukifanyika mahali wasipouona wenye jiwe, huo si mgawo. Nikawaeleza habari ya Nyarugusu yote, hadi ule ubao wa pande mbili. Nikasema kodi isiyomlazimisha mwenye mashine kuonyesha karatasi yake, na isiyomzuia kuishusha kwa mtu asiye na pa kwenda, itamkamata yule aliye karibu na mlango. Jinsi ya kumzuia sijui. Nilisema hivyo hivyo, sijui, na kwamba waliokaa mbele wanalipwa ili wajue.

Ningeketi hapo, mambo yangeisha. Mwenyekiti akaniuliza, "Ndugu mwandishi, huyu fundi ndiye yule wa kwenye kipindi chako?"

"Ndiye."

"Unamfahamu?"

"Ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Alikubali utaje habari zake?"

Katika kazi hii nimewauliza watu maswali kama hayo miaka yote, nikiwa nimesimama, wao wameketi.

"Hapana," nikasema. "Sikumuuliza."

Mwenyekiti akamwambia katibu aandike. Wakili akatabasamu, akaandika naye. Wenzangu walionituma hawakunisubiri mlangoni, mmoja, tuliyeanza kazi pamoja, alipita akasema, "Umetuuza kwa rejareja, Idrisa." Swali lako la pili halikujibiwa. Niliomba liingizwe kwenye kumbukumbu kama lilivyo, bila kunyooshwa lugha, na mwenyekiti alikubali. Hilo ndilo nililolipata. Wataamua nini huko juu, sijui, wala sitakudanganya kwamba karatasi yako itawabadilisha.

Sasa jambo lenyewe la kuamua.

Bi Kabula anataka habari ya mkutano isomwe Jumapili jioni. Alikuwa ukumbini, alisikia yote. Ameniambia, "Habari ni ile karatasi. Hayo mengine ni maji ya kunawa." Ana haki. Ni habari kubwa kuliko zote tulizopata mwaka huu, na ikisomwa hewani wale wa juu watalazimika kulijibu lile swali mbele ya watu. Pia ikisomwa, watu wa Kambarage watakujua kwa mara ya pili, safari hii kwa cheti chako, kwa maneno yako, na kwa undugu wetu. Huenda mama mwingine akaja kuchukua gauni. Huenda wakaja kumi wenye vitambaa. Mimi si mtabiri, na mara ya kwanza nilipokisia kwa niaba yako nilikosea.

Ndani ya bahasha kuna kurasa tatu. Hiyo ndiyo habari, nimeiandika kwa mkono usiku wa kuamkia leo. Unajua mimi kwa jambo hili ni mgumu. Mawaziri wameomba wasome habari zangu kabla hazijatoka, nikakataa. Mfadhili wa redio aliomba, nikakataa, akaacha kutufadhili. Nimekuwekea na kalamu nyekundu. Kata unachotaka kukata. Ukitaka jina lako liwemo, liandike mwenyewe, kwa sababu mimi nimeacha nafasi wazi. Ukizikata zote tatu, zimekwisha, na Bi Kabula nimeshamwambia hivyo. Alinifokea mpaka wauza chai wa nje wakachungulia, kisha akasema tutasoma taarifa ya hali ya hewa kwa dakika kumi, tuone nani atatusikiliza.

Kondakta huyu, Mabula, anarudi Geita Jumamosi kwa basi la asubuhi. Ni mwaminifu, mwaka jana alinirudishia mwavuli. Asiponiletea bahasha, nitajua jibu lako na habari haitasomwa. Huhitaji kunipigia simu kunieleza sababu.

Nisalimie Mama, umpe shikamoo yangu na umwambie dawa asichue akiwa ametoka kuoga maji ya moto. Shemeji Rajabu mwambie simdai maelezo. Mtu aliye katikati ya ndugu wawili ana kazi yake. Swabra mbusu, mwambie mjomba hajasahau viatu alivyomwahidi. Msalimie Bwana Karim wa duka la vitambaa, aliyekukopesha kile kitambaa cheupe bila kuuliza. Nimesikia kuwa wiki ile ya maofisa alikuja kuketi barazani pako makusudi ili watu wamwone. Mimi ndiye niliyepaswa kuketi pale.

Nitakuja sikukuu ya Idi. Nitabisha hodi mara tatu kama inavyotakiwa, na usipoitikia nitakwenda Ngokolo kwa Mama.

Katika zile kurasa tatu usihangaike kuitafuta rangi ya mlango, ya zamani wala mpya. Hiyo nimeikata mwenyewe.

Kaka yako,
Idrisa